Shikamoo, Mwanangu

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikimwita "mwanangu". Yeye aliniita "kiazi". Ndivyo tulivyozoeana kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, kundi la watu ambao karibu wote tulikuwa hatujawahi kuonana. Mwanangu alikuwa mtu wa alfajiri. Saa kumi na moja na nusu, kabla jogoo wangu hajafungua mdomo, stika yake ya mtoto anayekata mauno ilishaingia. Kuku wake akitaga yai lenye viini viwili, tulipata picha tatu na voisi noti ya kicheko. Kichwani nilishampa umri na kazi: miaka thelathini, labda na miwili, fundi simu, amepanga Majohe, kuku hamsini uani, mama mwenye nyumba analalamikia harufu.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, ufukweni Mjimwema, Kigamboni, nikasikia sauti nyuma yangu: "Bila shaka wewe ndiye kiazi."

Nikageuka. Mbele yangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya bulibuli kichwani, shati jeupe la mikono mirefu lililonyooshwa mpaka kwenye kola, na viatu vya kamba juu ya mchanga. Sauti ilikuwa ile ile ya voisi noti. Magoti yangu yalifanya kazi kabla ya akili.

"Shikamoo mzee."

Aliniangalia kama mtu aliyeporwa mchana kweupe. "Marahaba," akajibu, kisha akashusha pumzi. "Nilijua tu. Ndiyo maana mwanzoni nilikataa kuja."

Kwenye simu hakuna shikamoo, au ipo kwa anayeiandika tu. Mtu anaingia kundini bila mvi, bila kitambi, bila cheo cha kazini. Anaingia kama jina la utani na picha ya jogoo. (Siku moja ya mvua nilikaa nikahesabu: kati ya wanachama 212 wa kundi letu, 71 walikuwa wameweka picha ya jogoo. Wanawake wengi wameweka watoto wao, au ua.) Kila mmoja anamjaza mwenzake umri, sauti na sura kwa makadirio. Siku mkikutana, makadirio yote yanaanguka kwa mpigo, na kila mtu anahangaika kutafuta pa kuanzia upya.

Kundi letu halikuanza na urafiki. Lilianza na chupa ya chanjo. Aliyewahi kufuga anaujua mdondo, ambao wengine wanauita kideri: leo kuku mmoja amejikunyata pembeni, kesho wamelala kumi, wiki ikiisha umebaki na jogoo mmoja na madeni. Chanjo yake ipo, wala si ghali. Taabu ni kwamba chupa haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kuku thelathini. Ina dozi mia na kuendelea, na ukishaichanganya lazima uitumie ndani ya saa chache, ikibaki, unaimwaga. Kwa hiyo mama mmoja wa Kivule akawaomba jirani zake watatu waungane: chupa moja, nyumba nne, yeye mwenyewe azunguke nayo kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, tone moja jichoni kwa kila kuku. Ili wapange aanzie kwa nani, wakafungua kundi. Wanne wakawa kumi na tisa, kumi na tisa wakawa sitini, wakaongezeka watu wa Kitunda, Pugu, Chanika, mpaka Msongola.

Ule utaratibu wa kuzunguka tuliuacha baada ya muda, kwa sababu mzungukaji mwenyewe ndiye anayesambaza ugonjwa. Vimelea vinapanda kwenye soli za viatu, kwenye pindo la kanga, kwenye trei ya mayai iliyotoka kwa mtu mwingine. Hivyo ikatungwa sheria namba moja ya kundi, iliyobandikwa juu kabisa ambapo kila anayeingia anaiona: usiingie banda la mwenzako. Mwenye banda naye aweke beseni la maji ya dawa mlangoni, akanyage kila anapoingia. Nadhani ndilo kundi pekee la marafiki Dar es Salaam lenye sheria inayokataza kutembeleana. Tulijuliana hali za kuku, za watoto, za wakwe. Tulikuwa tunaishi umbali wa daladala moja. Na tulikuwa tumeapa kutokanyagiana milango.

Wanaosema mitandao huwaunganisha watu bila kujali umbali wanasahau kwamba makundi yanayodumu mara nyingi yana sababu ndogo, ya karibu, ya gharama. Mwaka 1985, huko Sausalito karibu na San Francisco, Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha The WELL, mahali pa watu kuzungumza kwa kompyuta zilizounganishwa na simu za mezani. Simu ya mbali ilikuwa ghali, kwa hiyo waliojiunga kwa wingi walikuwa watu wa maeneo yale yale. Haikuchukua muda wakaanza kualikana kula na kunywa pamoja. Mmoja wao, mwandishi Howard Rheingold, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1993, The Virtual Community, kwamba watu aliowafahamu humo walimfikisha kwenye harusi na hata kwenye mazishi. Wao walikusanywa na bei ya simu. Sisi tulikusanywa na chupa.

Wazo la kuonana lililetwa na hasira. Kuna muuzaji aliyeingia kundini kwa adabu zote, akatangaza vifaranga vya chotara vya siku moja, chanjo ya kwanza tayari, bei ya kundi. Watu kumi na saba walituma kianzio. Alhamisi ya kupokea mzigo ikafika, namba haipatikani, picha ya jogoo imeondolewa. Watu walilia, wengine walitukana, mmoja alimlaumu admini kwa kumuadi mtu asiyemjua. Mweka hazina wetu, dada wa Kitunda asiye na maneno mengi, akaandika mstari mmoja: "Mtu nisiyemjua sura simpi hela tena. Tuonane."

Wapi, sasa? Kwa mtu yeyote kati yetu haiwezekani, kila uwanja una kuku. Mmoja akasema Pugu msituni, mwingine akasema Bagamoyo, akaulizwa nauli atalipa nani. Ikakubaliwa baharini, kwa hoja ambayo hakuna aliyeipinga: hapo hakuna banda. Tukajibishana wiki tatu juu ya tarehe. Halafu chakula, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Wafugaji wa kuku wanakula nini wakikutana? Ukinunua kuku wa mwanachama mmoja, mia mbili wamenuna. Ukinunua wa nje, umelitukana kundi zima. Ukisema kila mtu aje na wake, unaleta mdondo wa kata sita sehemu moja. Tukanunua mbuzi wawili mnadani Pugu.

Mchango ulikuwa elfu kumi na tano, "na ya kutolea". Ukitaka kujua tabia za watu, kaa na mweka hazina wiki ya michango. Yupo anayetuma 15,000 kamili na kujifanya hajaona maneno mawili ya mwisho. Yupo anayetuma 20,000 na kusema iliyobaki mnywe soda. Wapo wanaoandika "nimeshatuma" na simu ya mweka hazina iko kimya kama kaburi. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021 nilikuwa kwenye makundi mengine matatu ya michango, na nakumbuka jinsi "ya kutolea" ilivyogeuka kutoka adabu ndogo na kuwa mjadala mkubwa. Mpaka leo watu wana kidonda nayo. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: waliosema watakuja 94, waliolipa 51, waliofika 43. Mpishi, ambaye hakuwa mwanachama, alisisitiza kwamba ametoa sahani 44. Mweka hazina alihesabu mara mbili, akaona labda mtoto wa mtu amerudia, akaacha.

Tulipanga saa nne. Saa nne walikuwepo admini, mweka hazina, mpishi, na yule mzee, ambaye baadaye nilisikia alifika saa tatu kasorobo na kukaa kwenye jiwe akitazama meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini. Kosta ya kukodi ya watu wa Chanika ilifika saa sita na robo kwa foleni ya Tazara na Kurasini kabla ya daraja. Chini ya mwarobaini palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, spika moja isiyo na kazi, na watu waliokuwa wameshika simu zao wakisoma kundi lile lile wakati wenye kundi wamekaa mbele yao. Naapa. Mtu aliandika "tumeshafika" kundini, na aliyekuwa kiti cha pili akamjibu kwa kidole gumba.

Kilichotuokoa ni utambulisho. Admini aliagiza kila mmoja asimame ataje jina. Wa kwanza akasimama, akataja majina yake matatu kama yuko mahakamani. Kimya. Hakuna aliyemjua. Akakwama, akakuna kichwa, akasema, "Mimi ndiye Mama Mapacha." Watu wakapasuka kwa vigelegele, mmoja akakimbia kumkumbatia. Tangu hapo hakuna aliyehangaika na majina ya kwenye kitambulisho. Nikafungua simu yangu kwa aibu kidogo, kwa sababu yeye nilikuwa nimemhifadhi kama "Kuku Kitunda 2".

Kuna kaka mmoja ambaye kundini ana sauti ya mbunge. Voisi noti zake zina dakika nne, anapanga hoja, anakohoa, anasema "nikija kwenye nukta yangu ya pili". Ilipofika zamu yake alisimama nusu, akasema jina, akakaa, na mchana kutwa aliangalia viatu vyake. Alikula, akaaga mweka hazina peke yake, akaondoka saa tisa. Jioni ile ile, akiwa kwenye daladala, alituma voisi noti ya dakika tano kuushukuru uongozi.

Na kuna dada ambaye kwa mwaka mzima hakuandika hata neno moja. Kila kundi lina watu wa aina hiyo, tunawaita wapiga chabo, na makundi mengine huwafukuza kila mwisho wa mwezi. Huyu alikuwa anamjua kila mtu. "Mwanao alipona lile tumbo?" aliniuliza kabla sijakaa. Kwa jirani yangu akauliza kama ile mashine ya kutotoleshea ilitengemaa baada ya umeme kukatika. Alikumbuka tarehe. Tulimuuliza mbona haandiki. Akasema ana genge la mboga, anafunga saa nne usiku, ndipo anafungua simu. Akifika mwisho wa kusoma, mazungumzo yameshahama, na kujibu jambo la asubuhi usiku wa manane anaona ni kama kumwamkia mtu aliyeshapita. Kwa hiyo anasoma, anacheka peke yake, analala. Watu walionyamaza baada ya maneno yale ni wale waliokuwa wamependekeza wapiga chabo waondolewe.

Mzee alisimama mwisho. Nilidhani ataona haya. Kumbe yeye alikuwa mzoefu kuliko sisi sote, kwa maana hii ilikuwa mara yake ya pili kuwa rafiki wa watu asiowaona. Miaka ya sabini na themanini alikuwa mtuma salamu. Vijana waliokuwepo hawakuelewa, ikabidi awaeleze. Ulinunua kadi ya salamu, ukajaza majina ya unaowasalimia na ujumbe wako, ukaipeleka Radio Tanzania Dar es Salaam, ukasubiri siku nyingi mtangazaji aisome. Kulikuwa na Mchana Mwema. Kulikuwa na Ugua Pole kwa walio vitandani. Mtu alijulikana kwa jina la utani na mahali anapotoka, na watu wa Mwanza, Tabora na Mombasa walimjua bila kumtia machoni. Nao walianzisha vyama vyao. Nao walichanga. "Tulikuwa na mwenzetu Morogoro," alisema, "tumesalimiana redioni miaka sita. Akafariki. Tulikwenda saba kwa treni. Tulipofika, mjane anatuuliza, nyie ndugu wa upande gani? Hatukuwa na la kujibu. Tukataja majina yetu ya redioni. Akalia upya, akatuingiza ndani, akasema, alikuwa ananisomea habari zenu."

Akakaa. Mbuzi alikuwa tayari, ikabidi mtu aseme hivyo.

Wakati wa kula watu walijigawa kwa vikundi, na karibu na jiko walikusanyika wenye maswali. Hapo alikuwepo mwanaume wa makamo mwenye shati la bluu, ndizi ya kuchoma mkono mmoja, ambaye ndiye aliyetoa elimu iliyokaa vichwani kuliko yote siku ile. Dada mmoja alilalamika kuku wake wanakula mayai. Yule bwana akamwambia asiwachinje kwanza: aweke chokaa au magamba yaliyosagwa kwenye chakula, viota viwe na giza, na mayai ayaokote mapema yasilale pale. Akamwambia mwingine kwamba majogoo wanne kwa majike kumi na tano ni vita, jogoo mmoja anatosha majike kumi. Ndiyo maana migongo ya kuku wake haina manyoya. Akaonya juu ya dagaa kupita kiasi kwenye mchanganyiko, kwamba mteja atalisikia shombo la dagaa kwenye yai. Alizungumza polepole, bila kujitapa, akitafuna. Nilijiambia, huyu lazima ni yule wa Msongola anayeandikaga kwa herufi kubwa.

Pembeni kidogo kulikuwa na jambo jingine. Kwa miezi minane kaka mmoja na mama mmoja walikuwa wakipigana kundini juu ya majani ya mlonge: kaka anaamini kila ugonjwa unatibika kwa majani, mama anaamini kila anayesema hivyo anaua kuku za watu. Waliwahi kuitana majina ambayo admini alilazimika kuyafuta. Pale chini ya mwarobaini waliulizana unakaa wapi kwa sauti ya shari, na kila jibu likawasogeza karibu: Kivule, njia ya machinjio, baada ya msikiti, kushoto kwenye nguzo. Wametenganishwa na mfereji na nyumba moja. Watoto wao wanakaa dawati moja shuleni. Mama alicheka mpaka akashika kiti. Hawajakubaliana juu ya mlonge hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Keith Hampton na Barry Wellman walichunguza kitongoji kipya nje ya Toronto, Kanada, walichokibandika jina la Netville. Nyumba nyingine zilikuwa na intaneti ya kasi na orodha ya barua pepe ya kitongoji, nyingine hazikuunganishwa. Waliounganishwa walijua kwa majina majirani kama 25 kwa wastani, wasiounganishwa, 8. Tena walitumia barua pepe hizo kualikana kuchoma nyama, na baadaye kuungana kumbana mjenzi wa nyumba zao. Kivule haijachunguzwa na mtu, lakini nina hakika wale wawili wasingevuka ule mfereji kwa miaka mingine kumi kama wasingeanza kwa kutukanana kwenye simu.

Sasa niseme kile ambacho kuonana kulikifanya, maana nimesoma makala nyingi zinazosema kukutana ana kwa ana kunaongeza upendo. Sijui habari za upendo. Nilichokiona kimeongezeka ni haya, yaani kumwonea mtu aibu. Mwenzako uliyekula naye sahani moja ya mbuzi huwezi kumwambia "nimeshatuma" wakati hujatuma. Kabla ya Mjimwema, biashara ndani ya kundi ilikuwa pesa mbele. Wiki mbili baada ya hapo, muuza pumba wa Chanika alianza kutoa magunia kwa mkopo, kwa kutaja tu: "huyu tulikuwa naye Kigamboni." Mpaka ninapoandika hajapigwa. Amecheleweshewa, ndiyo, na kwa hilo ana orodha.

Kisha ukaja usiku wa wezi. Saa nane na dakika kumi, Mama Mapacha aliandika maneno mawili: "wapo uani". Zamani ujumbe kama huo ungepata emoji za pole asubuhi. Usiku ule walitoka wanaume sita na dada wa genge la mboga, ambaye kama kawaida alikuwa macho akisoma. Kwa Wakenya hadithi ya aina hii si ngeni. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru, aliandikwa na magazeti ya nchi nyingi mwaka 2012 kwa kuamsha wananchi kwa ujumbe mfupi wa Twitter, wakaenda kuizunguka nyumba iliyovamiwa na wezi wakakimbia. Wa kwetu nao walikimbia, na kuku watatu. Ila nilipenda zaidi alichosimulia Mama Mapacha kesho yake: watu saba walisimama nje ya uzio na tochi na marungu, wakipiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyevuka kuingia bandani. Mlango ulikuwa wazi. Beseni la dawa lilikuwa limepinduliwa na wezi. Walisubiri mwenyewe ajaze jingine.

Haya ina upande wake mbaya pia, nisiufiche. Tangu siku ile kundi lina tabaka. Kuna "waliokwenda Kigamboni" na kuna wengine. Utani wa mle ndani umejaa mambo ya spika mbovu na viatu vya kamba juu ya mchanga, na asiyekuwepo anasoma kama mtu aliyechungulia harusi ya watu. Watu tisa walilefti mwezi uliofuata, bila kuaga. Mmoja nilimpigia, akaniambia hana ugomvi na mtu, elfu kumi na tano tu hakuwa nayo wiki ile, na sasa anaona kama anasoma barua zisizo zake. Sikuwa na jibu. Mkutano mwingine tumekubaliana uwe Pugu, mtu aje na chakula chake, mchango hakuna, na kwa mwezi wa tatu sasa tunabishana tarehe. Kuna wanaotaka tuongeze watu, kwa kuwa WhatsApp tangu mwaka 2022 inaruhusu hadi 1,024 kwenye kundi moja. Admini amekataa. Watu elfu, anasema, hawaenei chini ya mti mmoja.

Ile picha ya pamoja, tuliyopigwa na kijana wa ufukweni jua likishuka, ilizua kazi ya peke yake. Usiku ule watu walianza kutajana kutoka kushoto: huyu Dokta, huyu Mama Mapacha, huyu wa Msongola. Hapo ndipo wa Msongola halisi alipojitokeza, kwa herufi kubwa: YEYE NDIYE WA KOFIA YA KIJANI. Basi wa shati la bluu ni nani? Kila mmoja alidhani amekuja na mwingine. Watu wa Chanika waliapa hakupanda Kosta yao. Admini alipitia namba zote 212. Hayumo. Alikuwa mteja tu wa ufukweni pale, labda alikuja kunywa soda yake, akasikia watu wanazungumza kuku, akasogeza kiti. Sahani ya arobaini na nne. Dada wa mayai anasema ushauri wake umefanya kazi, na tangu siku hiyo kila wiki kuna anayeuliza kama hakuna mwenye namba yake, tumuadi. Mweka hazina naye kila mara anakumbusha kwamba huyo bwana anadaiwa elfu kumi na tano, na ya kutolea.

Mzee ndiye aliyeumia. Jumatatu baada ya mkutano alituma stika yake ya alfajiri, yule mtoto na mauno yake, na badala ya matusi aliyoyazoea akapata "Shikamoo mzee wetu" thelathini na nane mfululizo. Alijibu marahaba zote, mpaka saa mbili asubuhi. Jumanne hivyo hivyo. Vichekesho vikapungua, stika zikaisha. Akawa anaandika mambo ya busara na watu wanajibu "ahsante mzee, ubarikiwe". Nami nilishindwa. Nilijaribu kuandika "mwanangu", vidole vikakataa, nikafuta. Wiki ya nne alinipigia, mara ya kwanza kunipigia tangu tujuane. "Mmenizeesha," alisema. Aliuliza habari za kuku, akakata.

Siku hizi kundini kuna mwanachama mpya. Ameadiwa na mweka hazina, ambaye safari hii hakuulizwa na mtu na hakutoa maelezo, yeye aliyeapa kutomkubali asiyemjua sura. Hana picha ya jogoo; hana picha yoyote. Namba ngeni, jina lake ni nukta moja tu. Anaamka mapema kuliko wote na hatumi voisi noti kabisa. Juzi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, iliingia stika ya mtoto anayecheza, na chini yake: "Kiazi, kuku wametaga au bado wanakusubiri uamke?"

Nimemwambia, mwanangu, acha kelele, watu wamelala.